Heriel Aomba Shauri

Matilda alifariki Jumanne asubuhi, wakati mumewe ameteremka kumnunulia maji ya kunywa. Heriel aliporudi wodini na chupa mkononi alikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda, na nesi amesimama nje ya pazia akimngojea. Hakuhitaji kuambiwa. Aliiweka chupa juu ya kabati dogo la chuma, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokizoea tangu ugonjwa uanze, akavua kofia akaishika kwa mikono miwili.

Kufikia mchana habari zilikuwa zimefika kwao Machame, Kilimanjaro. Kufikia alasiri wenye maduka jirani wa Mtaa wa Narung'ombe walikuwa wamefunga turubai mbele ya jengo na kushusha viti vya kukodi. Juu ghorofa ya tatu, alikoishi Heriel na mkewe, makochi yalisukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa, wanawake wakajaa sebuleni hadi kwenye korido. Kariakoo kwenye msiba hawana mchezo. Aliyeleta sufuria kaleta, aliyeleta mchele kaleta, na hakuna aliyeuliza huyu dini gani na yule dini gani.

Kaka yake mkubwa, Aaron, alipiga simu kutoka Machame jua halijazama.

"Pole mdogo wangu. Pole sana. Vijana nimeshawaambia, kesho asubuhi wanaanza kuchimba. Tumechagua pale chini ya nyumba ya mama, penye kivuli. Mimi kesho napanda ndege nije niwachukue. Tukiondoka Alhamisi, Jumamosi tunazika."

"Sawa, kaka," alisema Heriel.

Alisema sawa kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo. Alipokata simu ndipo moyo ulipomshuka, maana siku chache tu kabla ya hapo Matilda alikuwa amemwambia jambo, na jambo lile halikuwa na Machame ndani yake.

Ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Matilda alikuwa amelala akitazama dirishani. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha kuzima jiko, "Baba Steven, nikifa usinipeleke Machame. Nilaze na Sophia."

"Utapona," Heriel alimjibu. "Acha maneno hayo."

Matilda alimtazama kidogo, kisha akarudisha macho dirishani. Hakulirudia. Wodi ilikuwa imejaa watu, ila kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake, na neno lile halikusikiwa na mwingine yeyote.

Sophia alikuwa mtoto wao wa kwanza. Walipompata, Heriel alikuwa bado kijana anayeuza sahani na vikombe vya bati juu ya gunia, kando ya barabara ya Msimbazi, akikimbia na mzigo kila mgambo walipotokea. Walipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Mzee Zahoro, papo hapo lilipo jengo la sasa, wakati ule ikiwa nyumba ya chini yenye ua na bomba moja. Mtoto alikuwa hajaanza kusimama homa ilipomchukua. Ilikuwa masika, maji yameifunika barabara ya Jangwani, na kumsafirisha mpaka Machame hakukuwa na namna. Mzee Zahoro ndiye aliyewahangaikia gari na mahali pa kuzikia. Maji yalipopungua walivuka bonde wakamzika makaburi ya Kinondoni. Heriel alilipakata jeneza mwenyewe, kiti cha mbele, njia nzima.

Hakurudi tena kule. Haikuwa kwa kusahau. Kila alipofikiria kwenda, miguu ilimwambia hapana. Kila Desemba ilipofika, Wachaga wakifunga maduka na kwenda kwao, naye alikwenda, na Matilda alibaki nyuma akisema anamalizia mambo ya dukani, atafuata Krismasi ikipita. Heriel hakumuuliza anamalizia nini. Alijua, na Matilda alijua kuwa anajua, na miaka ikaenda hivyohivyo. Steven akazaliwa, akakua, akaoa akahamia Mwanza. Duka la vyombo likasimama. Jina la Sophia likawa halitajwi.

Sasa alikaa chini ya turubai akipokea mikono ya watu. Kila aliyekuja alimuuliza kama amekula. Walimwekea soda miguuni, wakamsogezea feni. Katika watu wote wale hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia alilonalo, kwa sababu maisha yake yote jambo gumu alilipeleka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mochwari. Lilipotokea suala la kuchukua fremu kubwa zaidi ya duka, alimuuliza Matilda. Steven alipogoma kusoma, alimuuliza Matilda. Matilda hakuwa na papara. "Niache nifikirie," ndivyo alivyosema siku zote, na siku moja asubuhi angekuja na jibu, na jibu lingekuwa sawa.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomtesa. Hakukuwa na shahidi. Matilda angepandishwa kwenye gari, angezikwa kwenye migomba ya ukoo kwa heshima zote, nyimbo zingeimbwa, na hakuna ambaye angewahi kusema Heriel kakosea.

Jumatano asubuhi alijifungia bafuni, chumba pekee kilichobaki na mlango wa kufungwa, akafungua bomba ili asisikike. "Bwana," aliomba, "igeuze mioyo ya ndugu zangu. Fanya njia." Alirudia mara nyingi. Alipotoka, mwanamke aliyekuwa akingoja zamu alimwambia pole baba, akaingia.

Steven alifika kwa ndege ya asubuhi na mkewe. "Shikamoo baba," alisema, akamwangukia begani akalia kama alivyolia utotoni, kwa kikwikwi. Heriel alimpigapiga mgongo. Alitaka kumwambia, lakini mtoto alikuwa analia.

Baadaye kidogo akasema anakwenda kuangalia jeneza. Badala yake akashika njia ya kanisani.

Kanisa la usharika wao halikuwa mbali. Siku ya kazi mchana huwa halina mtu, mabenchi matupu, madirisha yamefunguliwa, na kelele zote za Kariakoo zinaingia: mikokoteni, vipaza sauti vya wauza sumu ya panya, makonda wakiita Buguruni, Buguruni. Heriel alikaa benchi la nyuma, si lile alilokuwa akikaa na Matilda. Akaomba kwa muda mrefu. Aliomba kama mfanyabiashara. Alimweleza Mungu hali ya ukoo, alimweleza hasira za Aaron, akamtolea mapendekezo. Mwisho akaomba ishara. "Kama shauri lako ni alale hapa, basi vijana wa Aaron wakichimba wakute mwamba."

Hata hajasema amina, simu ikaita mfukoni. Aaron, yuko uwanja wa ndege.

"Kaburi tayari," alisema Aaron. "Wamemaliza mapema. Udongo laini kama unga. Mungu ametusaidia."

Heriel aliirudisha simu mfukoni. Kicheko kikamtoka, kibaya, kikageuka kilio kabla hajakizuia. Alilia kichwa kikiwa juu ya benchi la mbele, na hakusikia mlango wa pembeni ukifunguliwa.

"Mzee Heriel."

Alikuwa Mchungaji Jovitha, mama wa Bukoba aliyehamishiwa usharika ule mwaka uliotangulia. Alikuwa amekuja msibani jana yake na kuongoza sala. Alikaa benchi lile lile, akaacha nafasi katikati, akangoja Heriel ajifute uso. Heriel akamweleza yote, neno la hospitalini, Sophia, Aaron, mpaka ule mwamba ambao haukupatikana.

"Na umekuwa ukimwomba Mungu nini?" Mchungaji aliuliza.

"Afanye njia nisimkosee mtu."

"Ipo njia ya namna hiyo?"

Heriel alifikiri. "Haipo."

"Basi umekuwa ukimwomba akufiche, Mzee."

Heriel hakupenda kusikia hivyo. Alitazama madhabahu. "Niambie wewe, Mchungaji," alisema mwishowe. "Wewe umesoma mambo haya. Nimzike wapi?"

"Maoni ninayo. Ila nikikupa, jioni utawaambia ndugu zako kwamba Mchungaji kasema. Watanikasirikia mimi, na hilo si neno. Lakini mwakani utakuwa peke yako pale nyumbani, na maoni yangu hayatakusaidia kulala." Mchungaji aliongea polepole, akichagua maneno. "Mwombe hekima. Usimpangie. Ukishaomba unyamaze, maana watu wazima tukiomba tunaongea sana. Na ukitoka hapa usiende kwa mtu unayejua atakubaliana na wewe. Mtafute aliyemjua Mama Steven pale ambapo wewe hukumjua."

Alimwekea mkono begani, akaondoka. Heriel alisikia viatu vyake vikivuka sakafu, mlango ukafungwa.

Akabaki na kelele za nje. Alitafuta maneno na yote aliyoyapata yalikuwa yale yale ya bafuni. Akayaacha. Akakaa hivyo, mikono juu ya mapaja, mpaka akaona kitu ambacho kilikuwepo tangu Jumanne: kwamba hakuwa na shaka sana juu ya lililo sawa. Alichokuwa nacho ni hofu. Alimwogopa Aaron, aliuogopa ukoo, lakini zaidi ya hapo aliogopa kubaki peke yake. Mke hayupo, na kwa neno moja ndugu nao wangeondoka.

"Bwana," alisema, kwa sauti ambayo mtu wa benchi la mbele asingeisikia, "nijulishe lililo sawa, hata kama litaniacha peke yangu."

Akanyamaza kweli.

Hakusikia sauti. Wala hakuona njozi. Kilichomjia ni jambo dogo sana, na mwanzoni alitaka kulifukuza kwa kuwa lilionekana kama mawazo yametangatanga. Mwaka mmoja aliwahi kurudi Dar siku ya pili ya Krismasi kupokea mzigo wa bandarini. Mlangoni alikuta jozi mbili za kandambili zimeoshwa, zimeegemezwa ukutani zikauke, zote zina madoa ya chokaa. Moja ilikuwa ya Matilda. Nyingine alikuwa akiiona kila siku kwenye korido, mbele ya mlango wa mkabala. Alizipita, akaingia ndani, hakuuliza.

Alinyanyuka akarudi nyumbani.

Bi Sitara, binti wa marehemu Mzee Zahoro, aliishi mlango wa mkabala na wao. Nyumba ya baba yake ilipovunjwa likajengwa ghorofa kwa ubia, yeye alipewa sehemu yake pale juu, na alihakikisha Heriel na Matilda wanapanga kando yake. Heriel alimkuta jikoni kwake na wanawake wengine, wanachambua mchele kwenye sinia. Alisimama mlangoni.

"Bi Sitara, nina neno na wewe."

Sitara alimtazama usoni, akajifuta mikono kwenye kanga. Wanawake wale wakachukua masinia yao wakahamia koridoni bila kuambiwa. Mlango waliuacha wazi.

"Ulikuwa ukienda na Matilda Kinondoni," Heriel alisema.

"Kila mwaka, Baba Steven."

"Alikwambia neno lolote kuhusu kuzikwa?"

Sitara akavuta kigoda akakaa, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Macho yake yalijaa. "Nilikuwa nangoja uulize. Alinikataza. Aliniambia, Sitara, Baba Steven anawaogopa ndugu zake, usimsukume. Asipouliza, muache anizike atakapo, mimi sitakuwa na kinyongo. Ila akija mwenyewe akakuuliza, mwambie nilisema kweli na akili zangu zilikuwa timamu."

Heriel alishika fremu ya mlango.

"Mnafanya nini kule mkienda?" Aliuliza kana kwamba Matilda bado anakwenda.

"Tunang'oa majani. Tunapaka chokaa vile vijiwe. Halafu mimi nasogea pembeni, yeye anaomba. Anaomba kwa Kimachame, sielewi kitu, ila majina nayasikia. Steven. Heriel. Mara nyingine ananieleza njiani. Mwaka ule wa fremu kubwa, aliniambia anakwenda kumuuliza Mungu. Na Steven alipoacha shule, hivyohivyo. Alisema pale ndipo mahali ambapo hawezi kumdanganya Mungu, na Mungu anajua hivyo." Sitara alitabasamu machozi yakimtiririka. "Nikamwambia, shoga yangu, ungeenda tu kanisani, jua hili litatuua."

Heriel alikuwa anakumbuka yale majibu yaliyokuja asubuhi mara baada ya mwaka mpya, baada ya siku nyingi za niache nifikirie. Alikuwa ameishi juu ya majibu yale. Duka lilisimama juu yake, na mtoto pia.

"Ahsante, dada yangu," alisema.

"Kaburi napajua," Sitara alisema. "Pamebanwa sana siku hizi, lakini napajua."

Aaron alifika saa kumi na moja, amechoka, suti imejikunja. Heriel alimpokea, akamwacha anywe maji, akamwita chumbani pamoja na Steven. Alifunga mlango. Walikaa Aaron na Steven kitandani, yeye akasimama, maana alijua akikaa atashindwa kusema.

Alisema kwa maneno machache. Matilda aliomba azikwe Kinondoni, karibu na Sophia. Yeye atamzika huko.

Aaron alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni. "Kaburi limeshachimbwa, Heriel."

"Najua, kaka. Ni kosa langu. Ningekwambia jana."

"Ukoo mzima uko pale. Wazee wamekaa. Nikawaambie nini? Kwamba mke wa mdogo wangu tumemwacha mjini kama mtu asiye na kwao?"

"Waambie alichagua."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu." Heriel angeweza kumtaja Sitara, na ulimi ulikuwa tayari, lakini aliona kwamba kumsukumia mama wa watu hasira ya Aaron kungekuwa kujificha tena.

Steven alikuwa ameinamisha kichwa. "Baba," alisema, "mama alale kule peke yake? Sote tuko Machame. Bibi, babu, wote. Na wewe siku yako ikifika tutakupeleka Machame. Atalala na nani?"

"Na dada yako."

"Dada gani?" Steven alipaza sauti. Wanawake waliokuwa sebuleni wakanyamaza. "Mtu ambaye hujawahi kunitajia hata siku moja! Nilisikia kwa shangazi, tena kwa bahati mbaya. Leo ndiyo unamkumbuka?"

Heriel alisimama tu pale huku mwanawe akilia kwa hasira.

Aaron alinyanyuka. "Mimi sitashiriki," alisema. Hakupiga kelele, na hilo liliumiza zaidi kuliko kama angepiga. "Nimekubeba tangu tukiwa wadogo, Heriel. Mara hii utabeba mwenyewe." Alichukua begi lake akateremka, akaenda kulala kwa jamaa yao Buguruni, na asubuhi akarudi Machame. Baadaye Heriel alisikia kwamba lile kaburi kwa mila halikuweza kuachwa wazi. Walilaza shina la mgomba ndani wakafukia.

Matilda alizikwa Ijumaa. Pembeni ya Sophia hapakuwa na nafasi ya jeneza la mtu mzima. Wakapata sehemu ng'ambo ya kijia, karibu na ukuta, ambapo mtu akisimama anayaona makaburi yote mawili. Watu wa Machame waliokuja walikuwa wachache, na wale wachache walisimama nyuma. Kariakoo walikuja wengi, wenye kofia zao na kanzu za Ijumaa, wakakaa kimya huku kwaya ikiimba. Steven alitupa udongo, akamsaidia baba yake kuweka shada la maua, wala hakumtazama. Kesho yake alirudi Mwanza.

Walipomaliza, Heriel alimsogelea Mchungaji Jovitha. "Mchungaji, nilisikia vizuri?"

"Sijui, Mzee," alijibu. "Ila naona uliuliza vizuri."

Alitamani angepewa zaidi ya hapo.

Turubai likashushwa. Viti vikarudishwa kwa mwenyewe. Wanawake wakafagia, wakakunja mikeka, wakarudisha makochi, na walipoondoka nyumba ikawa kubwa kuliko alivyoifahamu. Kwa wiki kadhaa Heriel aliendelea kununua mikate miwili. Jioni baada ya kufunga duka alipanda ngazi taratibu, kwa kuwa juu hakukuwa na wa kumwahi. Sitara alimgongea mara kwa mara na bakuli la mchuzi, akampa mlangoni, wakaulizana hali, basi. Siku moja alifungua simu akakuta ameondolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hakuna aliyemwambia. Ujumbe wa mwisho aliouona ulikuwa wa kumtakia mtu fulani heri ya kuzaliwa.

Alijifunza kuomba upya, na haikuwa rahisi. Asubuhi alikaa mezani, chai mbele yake, akaanza kumweleza Mungu mambo kama alivyokuwa akimweleza Matilda: muuzaji wake anataka kuondoka, mwenye jengo anaongea habari za kupandisha kodi. Kisha alinyamaza. Siku nyingine lilimjia jambo la kufanya. Siku nyingi hakikuja kitu, akanywa chai yake imepoa akaenda kazini. Hakuomba ishara tena. Kuna asubuhi alizofikiri amekosea yote, kwamba Matilda alisema maneno ya mgonjwa na yeye akavunja ukoo kwa ajili yake. Alimwambia Mungu hilo pia.

Desemba ilipofika, Mtaa wa Narung'ombe ukaanza kufunga milango mmojammoja. Mabegi yakapakiwa kwenye magari, wenzake wakamwita Mangi, jina la kila Mchaga pale mtaani, wakamuuliza unaondoka lini, akawajibu mwaka huu nipo. Siku ya Krismasi alitoka ibadani akaenda Kinondoni na ndoo ndogo ya chokaa na burashi. Sitara magoti yalikuwa yamemgomea, akamwelekeza namna ya kuchanganya. Heriel aling'oa majani, akapaka vijiwe vya Sophia vibaya, chokaa ikamrukia suruali. Jua lilikuwa kali. Makaburini kulikuwa na familia moja tu, mbali kidogo, wanakula pilau chini ya mwarobaini, na mtoto wao mmoja akampungia mkono. Alifungua kinywa kuomba akashindwa, akakaa kwenye ukingo wa kaburi la mkewe mpaka kivuli kikahama.

Steven alipiga simu siku hiyo jioni, kwa mara ya kwanza bila kuwa na jambo maalumu la kusema. Alikuwa Machame na wanawe. Waliongea habari za barabara na mvua.

"Alikuwa anafananaje?" Steven aliuliza.

Heriel alielewa. Akamwambia kwamba Sophia alikuwa mweusi kama bibi yake, na masikio makubwa, na kwamba alikuwa akicheka mtu akipiga chafya. Hakujua kama bado anayakumbuka yale mpaka alipoyasikia yakitoka.

Pasaka alikwenda mwenyewe Machame, hakuitwa. Aaron alikuwa ameanza kuumwa moyo. Alimkuta amekaa nje na blanketi magotini, akamwamkia. Aaron akaitika, "Marahaba," akalivuta blanketi, halafu akamwita mkewe alete kiti. Walikunywa chai ya maziwa. Hakuna aliyetaja mazishi. Waliongea kahawa, na bei ya kahawa, na jirani aliyeuza shamba. Pale chini ya nyumba ya mama yao palikuwa na tuta refu ambalo nyasi zilikuwa zimeanza kulifunika, na Heriel aliliona, na Aaron alimwona akilitazama.

"Na wewe?" Aaron aliuliza. "Utalala wapi?"

"Bado sijajua, kaka. Nauliza."

Aaron alitazama mlimani, ambako mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye msitu. "Ukiambiwa," alisema, "safari hii uniambie mapema."

"Nitakwambia."

Mvua ikaanza kudondoka. Heriel alimshika kaka yake mkono, wakaingia ndani polepole, akarudi nje kuchukua vikombe.